Fundi wa vitambuzi vya gesi, Kariakoo

Nina mgahawa Sinza. Kitambuzi cha gesi jikoni kilikuwa kinawaka taa ya kijani kama kawaida, kumbe sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachohisi gesi, imekufa. Fundi alipokipulizia gesi ya majaribio, namba haikusogea hata kidogo. Akaniuliza, "Dada, mmepaka silikoni hapa karibuni?" Kweli, tuliziba sinki wiki iliyopita. Mvuke wake huua sensa za aina ile, na yangu haikufufuka, tukaweka mpya. Kiberiti cha gesi alikataa katakata kukitumia kupimia, maana kinaweza kuharibu sensa, na hapo ndipo nilipomwamini. Kisha akakihamisha kitambuzi kutoka juu hadi karibu na sakafu, maana gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Alichelewa kwa muda wa saa mbili, hilo sikulipenda. Nitamwita tena.