Adapta ya Bluetooth ya USB kwenye Linux: nzuri, ila inadai subira

Adapta hii, ndogo kama ukucha, inafanya kazi vizuri kwenye Linux, lakini siku ya kwanza inadai subira. Nilipoichomeka, amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, iliionyesha papo hapo, ilhali bluetoothctl, amri ya kudhibiti Bluetooth, ilikataa katakata kuiwasha. Rfkill, amri ya kufunga na kufungua redio za kompyuta, ikabainisha kuwa redio ya Bluetooth imefungwa, nami nikaifungua kwa "rfkill unblock bluetooth". Bado haikuwaka. Ni dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo, iliyofichua chanzo cha tatizo: faili la programu ya ndani ya chipu (firmware) halikuwepo, na baada ya kusakinisha kifurushi cha linux-firmware ilinibidi niichomoe na kuichomeka upya, kwa kuwa programu hiyo hupakiwa chipu inapoanza kupata umeme.

Kilichonikera zaidi ni kipanya changu cha Bluetooth kuganda kila nilipokiacha kidogo, kwa sababu kerneli, yaani kiini cha Linux, ilikuwa ikiilaza adapta ili kuokoa umeme; ili kuzima ulazaji huo, niliandika "options btusb enable_autosuspend=0" katika faili ndani ya /etc/modprobe.d, folda ya mipangilio ya viendeshi, nikawasha kompyuta upya, na tangu hapo hakijaganda. Sauti ya spika ni safi. Ninaipendekeza kwa dhati, ingawa mtengenezaji alipaswa kuandika jina la chipu kwenye boksi, maana mtumiaji wa Linux hulihitaji kabla ya kununua.