Usafiri wa uwanja wa ndege Mwanza: abiria yuko salama, utingo je?

Kampuni ninayoitumia kwenda na kutoka Uwanja wa Ndege wa Mwanza inastahili sifa: gari huondoka kwa wakati, nauli haipandi kwa sababu mvua imenyesha, na madereva hupita Pasiansi na Kirumba bila kukimbizana na daladala. Kasoro yake kubwa iko kwenye upakiaji wa mizigo, na anayeumia kwa kasoro hiyo ni utingo.

Mabegi makubwa hupandishwa kwenye keria kwa ngazi nyembamba iliyochomelewa nyuma ya gari, ambayo kidato chake cha chini kimeachia upande mmoja na kufungwa kwa waya. Anayepanda ngazi salama huwa na viungo vitatu vilivyoshika wakati wote, ama miguu miwili na mkono mmoja, ama mikono miwili na mguu mmoja. Kijana mwenye begi begani, kila anapoinua mguu, hubaki na mkono mmoja na mguu mmoja tu. Mlangoni nako kuna hatari, kwani abiria wanaopeleka sato na sangara Dar es Salaam hupanda na maboksi yenye barafu, na maji yake yenye ute wa samaki huchuruzika hadi kwenye vidato vya chuma, ambavyo utingo hukanyaga akiwa amevaa kandambili.

Utingo mmoja aliniambia kwamba aliteleza hapo akaangukia kiuno, na matibabu aliyalipia kwa michango ya wenzake. “Kaka, sisi ni wa kulipwa kwa siku, nani atatuandikisha?” aliniuliza. Swali hilo liliniuma, kwa sababu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, huchangiwa na mwajiri peke yake bila mfanyakazi kukatwa mshahara, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga.

Natoa nyota tatu kati ya tano. Mbili zilizobaki nitazitoa siku mizigo itakapohamishiwa kwenye trela ya chini, vidato vikawekewa mpira usioteleza, na vijana hao wakapewa viatu na kusajiliwa. Kwa sasa, abiria mwenzangu, funga samaki wako kwenye nailoni mbili kabla ya kuwatia kwenye boksi, na ukiona kiti cha nyuma kiko wazi, omba begi lako liwekwe hapo.