Mabehewa ya mizigo kwa reli ndogo ya mezani: lipi ununue kwanza

Ubao wangu una sentimita 120 kwa 30 na unakaa juu ya kabati la vyombo, hapa Dodoma. Juu yake kuna kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, ghala moja, na njia tatu za reli. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuagiza mabehewa matatu marefu ya kubebea makontena, kila moja sentimita 22, kwa sababu tu ya kweli yalinipendeza stesheni. Yalipofika nikayapanga. Mawili yaliingia kwenye njia ya kiwanda, la tatu likabaki limekalia pointi, pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Pointi haigeuki ikiwa na behewa juu yake. Kiwanda kikasimama siku ya ufunguzi.

Kwa hiyo kabla hujaangalia rangi wala bei, chukua futi kamba upime njia zako.

Kwanza, ukubwa. Utakutana sana na vipimo vya HO (1:87, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara 87), OO ya Waingereza (1:76) na N (1:160). HO na OO zote hupita kwenye reli ya milimita 16.5, lakini usizichanganye kwenye treni moja, macho yatakataa. Ukizidisha 16.5 kwa 87 unapata 1,435, ambao ndio upana wa SGR yetu. Reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina milimita 1,000, na kwa 1:87 inahitaji reli ya milimita 12 inayoitwa HOm. Vitu vya HOm ni vichache na bei yake inauma. Mimi nimechukua 16.5, nafumba jicho moja nasema hii ni Reli ya Kati.

Kwa meza ndogo napendelea OO kwa sababu moja: mabehewa mafupi ya zamani ya Kiingereza, ya magurudumu manne, hayazidi sana sentimita 9 pamoja na kulabu. Ya HO ya Ulaya bara yanafika 11 au 12. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uanze kujumlisha. Mchezo maarufu wa shantingi, yaani kupangua na kupanga mabehewa kwa kichwa cha treni, ni Inglenook, uliobuniwa na Mwingereza Alan Wright. Una njia tatu: moja ya mabehewa matano na mbili za matatu matatu. Unakuwa na mabehewa manane, unachagua matano kwa bahati nasibu, kisha unayapanga kwa mfuatano uliotoka. Mifuatano inayowezekana ni 6,720, hivyo hutachoka mapema. Kwa behewa la sentimita 9, njia ndefu ni 45, pointi kama 17, na sehemu ya kuvutia mabehewa nje, inayotosha kichwa cha sentimita 12 na mabehewa matatu, ni 39. Jumla 101, ubao wangu unatosha. Kwa yale ya sentimita 22, njia ndefu peke yake ingekula 110.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni behewa la wazi la magurudumu manne. Nunua manne. Ni fupi, linapita kona kali hata za nusu kipenyo cha sentimita 37, na shehena yake inaonekana. Hilo la mwisho ndilo linalonifurahisha: behewa linaingia tupu, linatoka limejaa, na mgeni anaelewa kiwanda kinafanya nini bila kuelezwa. Weka jasi ya Itigi, kokoto, vyuma chakavu, chochote. Shehena natengeneza hivi: nakata kipande cha boksi kidogo kuliko ndani ya behewa, nagundisha msumari mfupi chini yake, napaka gundi juu, kisha namwagia mchanga wa korongoni uliopita kwenye chujio la chai. Usiruke hatua ya chujio. Kipunje cha milimita 3 kwa 1:87 ni jiwe la sentimita 26, na hakuna kibarua anayepakia mawe hayo kwa koleo. Ikikauka, shehena nzima unaiinua kwa sumaku, ule msumari ndio unaoshika.

Namba mbili, behewa lililofungwa, lenye paa na milango. Mawili yanatosha. Hili ni la magunia ya alizeti, mashudu na mbolea. Hakuna anayejua ndani kuna nini, hata kama ni lumbesa, kwa hiyo halihitaji shehena. Pia ndilo rahisi kuliongezea uzito kwa siri.

Namba tatu ni tangi. Moja tu, la magurudumu manne, la kuchukulia mafuta ya kiwanda. Linapendeza kuliko yote ila ngazi na vishikizo vyake ni vyembamba kama kijiti cha meno, na vikivunjika njiani kutoka ng'ambo huna pa kuvipata.

Namba nne, behewa bapa fupi lenye kontena moja la futi 20, ambalo kwa OO ni sentimita 8. Kontena lenyewe unaweza kulitengeneza kwa karatasi ngumu.

Behewa la kumwaga mzigo kwa chini, liache kama huna shimo la kupokelea. Na yale ya magurudumu manane, subiri upate chumba.

Ukiagiza, hasa vitu vilivyotumika, mwombe muuzaji picha ya chini ya behewa. Angalia kulabu zote mbili zipo na ni za aina moja na za mabehewa yako mengine. Zikiwa kwenye kitundu cha NEM, yaani cha kipimo sanifu cha Ulaya, unazibadilisha bila kisu. Angalia magurudumu ni ya chuma, maana ya plastiki yanakusanya uchafu, na kwa vumbi letu la kipupwe utakuwa unasafisha kila wiki. Mabehewa ya Märklin, kampuni ya Kijerumani, yaache kama reli yako ni ya kawaida, ile ambayo umeme hupita kwenye vyuma vyake viwili, kwa sababu magurudumu yake mengi hayajatenganishwa umeme na yatapiga shoti.

Mwisho uzito. Kanuni ya Wamarekani kwa HO ni gramu 28, kisha kama gramu 14 kwa kila inchi ya urefu, na mimi naitumia kwa OO vilevile. Behewa la sentimita 9 linahitaji karibu gramu 78, lakini mengi ya plastiki yanakuja mepesi na yanaruka reli ukiyasukuma kinyumenyume. Nilianza kwa kubandika nati za chuma. Zilifanya kazi mpaka nilipofunga sumaku ya kufungulia kulabu katikati ya reli: behewa likifika pale linashtuka kama limeitwa jina. Sasa naomba vipande vya risasi vya kubalansia tairi kwa fundi tairi. Vijaribu kwa sumaku kabla hujaondoka navyo, kwani siku hizi vingine ni chuma, na ukishavishika osha mikono.

Yale matatu marefu bado ninayo, yako kwenye rafu ukutani. Kila anayeingia ndani huulizia hayo kwanza.