Umeme wa Jua Unawaka, Paa Linavuja: Uzoefu Wangu na Kampuni Iliyonifungia Sola

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: umeme wa jua niliofungiwa nyumbani kwangu Goba, Dar es Salaam, unafanya kazi kama nilivyoahidiwa. Paneli sita za wati 550 kila moja, inveta ya kilowati 5 (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) na betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5 vinaendesha friji, taa, feni na televisheni bila kusuasua, na umeme wa TANESCO unapokatika usiku mara nyingi sitambui mpaka nisikie jenereta la jirani likinguruma. Nyaya zimepitishwa ndani ya mabomba kwa unadhifu, kila swichi imebandikwa jina lake, na fundi umeme aliyesimamia kazi alikuwa na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na alinionyesha leseni hiyo kabla sijaiomba. Kama tathmini hii ingehusu umeme peke yake, ningeimaliza hapa kwa kuwasifu. Lakini paneli hazikai hewani. Zinakaa juu ya paa, na paa langu, ambalo halikuwahi kuvuja tangu nyumba iezekwe, lilianza kuvuja masika ya kwanza baada ya wao kushuka ngazi.

Nyumba imeezekwa kwa mabati ya migongo mipana ya geji 28, yale ambayo mafundi wengi huyaita msauzi, juu ya papi, yaani mbao za kupigilia mabati, na kenchi za mbao zinazozibeba, na chini yake kuna dari ya jipsamu. Kazi ilifanyika Januari, wakati vuli imekwisha na masika hayajaanza, kipindi ambacho paa lililotobolewa ovyo na paa zima havina tofauti machoni pa mtu aliyesimama sebuleni. Kwa utaratibu wa kampuni, salio lote hudaiwa siku mfumo unapowashwa, kwa hiyo walikuwa wamekwisha kulipwa kabla hata tone moja la mvua halijalijaribu paa. Sidhani kwamba walipanga iwe hivyo, ila utaratibu huo unawafaa wao zaidi kuliko mteja.

Mvua ilipokolea mwezi Machi, doa la hudhurungi lilitokea kwenye dari ya ukumbi, likafuatiwa na jingine juu ya mlango wa chumba cha watoto, mbali kabisa na upande zilikofungwa paneli. Umbali huo ulitumiwa baadaye na kampuni kama ushahidi kwamba uvujaji hauwahusu, na kwa sababu hiyo inafaa nieleze jinsi maji yanavyosafiri. Yakipenya kwenye bati, si lazima yadondoke papo hapo. Huambaa chini ya papi au ubavuni mwa kenchi, yakaufuata mteremko wa mbao mpaka yakutane na msumari, kifundo au kiungo, na hapo ndipo yanapoiangukia dari. Jipsamu nayo huyanywa, hulegea na kutanuka, hata doa analoliona mwenye nyumba likawa mita kadhaa kutoka kwenye tundu lenyewe. Ndoo unayoiweka chini ya doa inakuonyesha maji yalikoishia, haikuonyeshi yalikoingilia.

Nilimwita mzee mmoja anayeezeka nyumba mtaani kwetu, mtu asiye na haraka wala maneno mengi, tukapanda darini saa sita mchana na kuzima taa zote. Nuru ya jua ilikuwa inapenya kwenye vitobo vyembamba chini ya eneo la paneli, na pembeni mwa baadhi yake ncha za skrubu zilikuwa zikining'inia hewani, sentimita chache kando ya papi, bila kushika mbao hata kidogo. Skrubu ya namna hiyo imeshikwa na bati tu. Upepo unapoingia chini ya paneli na kuinyanyua, bati hucheza, na kila linapocheza tundu hupanuka, likaacha kuwa duara na kuwa mfano wa yai. Paneli moja ya wati 550 ina uzito wa takribani kilo 28 na eneo linalozidi mita mbili za mraba, kwa hiyo upepo wa kusi una mahali pakubwa pa kushikia.

Juu ya paa hali ilikuwa mbaya zaidi. Skrubu kadhaa zilikuwa zimepigwa bondeni mwa bati badala ya mgongoni. Mzee alizigusa kwa kidole, akaniambia, "Mama, maji yanapita bondeni. Ukitoboa bondeni, umeyaita ndani." Reli za aluminiamu zinazoshikilia paneli zilikuwa zimelazwa moja kwa moja juu ya migongo ya bati, zikikingama mteremko, bila miguu ya kuziinua, na nyuma yake majani ya mwembe wangu yalikuwa yamejikusanya, yakaoza na kuwa kizuizi. Mvua kubwa ikinyesha, maji hutuama nyuma ya kizuizi hicho, hupanda, kisha hupenya pale bati moja linapolalia jingine, mahali ambapo fundi aliyeezeka hakutarajia yafike kimo hicho. Kulikuwa pia na mabonyeo ya nyayo katikati ya papi na papi, kwa sababu wafungaji walikuwa wanakanyaga popote badala ya kufuata mistari ya skrubu za zamani, ambako chini yake kuna mbao. Na vile vijichembe vya chuma vilivyoruka wakati wa kutoboa kwa drili havikufagiliwa. Vilikuwa vimeshika kutu na kuanza kuila rangi ya bati.

Kampuni ilikuja nilipowapigia, jambo ambalo nalo nalihesabu kwa upande wao mzuri. Hata hivyo, aliyetumwa alikuja na mirija ya silikoni peke yake. Alipaka kuzunguka kila kichwa cha skrubu alichoweza kukifikia bila kufungua paneli, maana yake matundu mengi yaliyofunikwa hakuyagusa, akaondoka na kuacha paa zima likinuka siki. Harufu hiyo si ya bahati mbaya. Silikoni ya aina hiyo hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula zinki iliyopakwa kwenye bati, ndiyo maana kwa kazi ya paa la bati hutakiwa silikoni isiyo na asidi. Hata ingekuwa ya aina inayofaa, silikoni haiwezi kushika mahali ambapo bati linacheza: mchana bati hupata moto na kutanuka, usiku hupoa na kunywea, na ule utando mwembamba uliopakwa juu ya vumbi hubanduka ukingoni. Mvua zilizofuata mara moja zilipita salama. Kisha uvujaji ulirudi, safari hii ukaongezeka upande wa ukutani ambako inveta imefungwa, na hapo ndipo nilipoacha kuliona suala hili kama la dari iliyochafuka.

Mazungumzo yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike. Msimamizi aliniambia kwa upole mwingi, "Mama, bati nalo lina umri wake," kisha akanitumia karatasi za dhamana: paneli miaka 25 ya uzalishaji, inveta miaka mitano. Paa halikutajwa popote, wala kwenye dhamana, wala kwenye makubaliano ya kazi, ingawa kazi yenyewe ilianza kwa kulitoboa. Hapa ndipo ninapoiona kasoro kubwa ya huduma hii, na naamini si ya kampuni hii peke yake. Leseni ya fundi inathibitisha ujuzi wake wa umeme. Hakuna aliyeulizwa kama anajua papi ziko wapi. Katika kundi lote lililokuja hapakuwa na mwezekaji hata mmoja, na kifaa pekee walichokuja nacho kwa ajili ya paa kilikuwa drili.

Niliandika barua, nikaambatisha picha za darini na za juu ya paa, nikataja kwamba nakala ingepelekwa Tume ya Ushindani, FCC, chombo kinachosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ambayo ndani yake mna ulinzi wa mlaji. Majibu yalikuja kwa kasi ambayo sikuwa nimeizoea. Walikubali kuteremsha paneli na kuzirudisha bila malipo, lakini wakakataa kuhusika na mabati.

Kazi ya marekebisho ilifanyika Juni, mvua zilipokwisha. Nilisisitiza kwamba watu wa umeme watangulie, kwa sababu paneli haizimwi kwa swichi maadamu mwanga unaiangukia. Sita zikiunganishwa kwa mfuatano kama zangu hutoa takribani volti 300 za mkondo mnyoofu (DC), na mwezekaji hana sababu ya kushika nyaya hizo. Zilipoondolewa, mzee alibadilisha mabati yaliyotobolewa bondeni, maana alikataa katakata kuyaziba, akaongeza mbao kati ya papi pale ambapo miguu mipya ya reli ingekaa. Kila mguu ulikaa juu ya mgongo wa bati, ukiwa na kipande cha mpira mzito chini yake, na skrubu ikaingia mpaka kwenye mbao. Alikaza mpaka mpira ukajikunja kidogo ukingoni, kisha akaacha, kwa maelezo kwamba ukikaza kupita hapo mpira hupasuka na jua huumaliza upesi. Chembe za chuma zilifagiliwa kila baada ya safu moja. Sasa reli zimeinuka, na majani ya mwembe yanateleza chini yake mpaka kwenye gata, mfereji wa kukinga maji ya paa.

Kabla paneli hazijarudishwa tulilimwagia paa maji kwa mpira wa bustani, tukianzia chini na kupanda taratibu, tukikaa kila mahali kwa muda huku kijana mmoja akiwa darini na tochi. Ukianzia juu, maji hulowesha paa lote kwa mara moja na hutajua ni tundu lipi linalovuja. Jaribio hili halikuhitaji kifaa chochote ambacho kampuni haikuwa nacho Januari. Vuli ya mwaka huu imepita, tena yenye mvua za kutosha, na dari haijalowa.

Kwa hiyo tathmini yangu ina sehemu mbili zisizolingana. Vifaa na kazi ya umeme ni vya kuaminika, na kwa hilo ningewapendekeza. Ufungaji juu ya paa ulikuwa wa kiwango cha chini kabisa, na anayetaka kuwaita namshauri adai kwa maandishi dhamana ya paa kutovuja kwa angalau masika moja, abakize sehemu ya malipo mpaka mvua ipite, na awe na mwezekaji wake mwenyewe juu ya paa siku ya kutoboa. Ujira wa mwezekaji kwa siku moja ni mdogo sana ukilinganishwa na nilichotumia mimi baadaye, ambacho kilikaribia robo ya gharama yote ya sola.

Mabati, mbao na ujira wa mzee nimelipa mwenyewe. Gharama ya jipsamu na rangi ya dari bado tunaandikiana. Nimewapa nyota mbili. Wakilipa, nitaongeza ya tatu.