Mara mbili idara ya dharura ya hospitali ya mkoa: uzoefu wangu na mama

Mama yangu ana miaka 71, ana kisukari na presha. Ndani ya mwaka mmoja nimempeleka mara mbili idara ya dharura ya hospitali ya mkoa, ileile. Jina la hospitali naliacha. Mara ya kwanza nilifika mikono mitupu, mara ya pili nilifika nimejiandaa, na tofauti niliyoiona ni kubwa kiasi kwamba nimeona niiandike kwa ajili ya yeyote mwenye mzee au mgonjwa wa muda mrefu nyumbani.

Ile ya kwanza ilikuwa saa 11 alfajiri. Nilimkuta kitandani kalowa jasho, shuka limemganda mwilini, maneno yake hayashikiki na mkono mmoja umelegea. Nikaamini ni kiharusi. Jirani aliyekuja kunisaidia kumbeba alitaka tumnyweshe maji ya sukari. Niliona hamezi vizuri, nikahofia yatampalia, nikakataa. Baadaye daktari aliniambia nilifanya sawa: mtu asiyejitambua vizuri hatiwi kitu kinywani, hata kiwe cha kumsaidia.

Kufika hospitali, lango kuu limefungwa. Usiku hutumika lango jingine upande wa nyuma, na hakuna kibao kinachoonekana gizani. Tulizunguka ukuta ule kama dakika 10, mama kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Dakika zile sizisahau.

Ndani, mambo yalikwenda haraka. Kuna meza ya kwanza ambapo wagonjwa hupangwa kwa uzito wa hali zao, wenyewe wanaiita triaji. Nesi hakuniuliza kadi ya bima wala mahali tunapoishi. Mmoja alimbana mama kidole kwa kile kifaa cha kupima oksijeni, wa pili akamfunga mkanda wa presha, wa tatu akamtoboa ncha ya kidole. Sukari ilikuwa 2.1. Kwa mgonjwa wa kisukari, chini ya 4 tayari ni ya kushughulikiwa hapo hapo. Akapewa alama nyekundu na kusukumwa ndani, mbele ya watu wote waliotutangulia. Nilijifunza siku ile kwamba sukari ikishuka mno, ubongo unakosa chakula chake, na mgonjwa anaweza kufanana kabisa na aliyepigwa kiharusi. Ndiyo maana hawakubahatisha, walipima kwanza.

Walimwekea dripu ya glukosi. Haikuchukua muda, mama akafumbua macho akaniuliza kwa nini sijavaa viatu.

Hapo ndipo daktari alipoanza kuniuliza. Anatumia dawa gani za sukari? Vidonge vidogo vyeupe. Vinaitwaje? Sijui. Alimeza cha mwisho saa ngapi? Sijui. Jana usiku alikula? Nilikuwa nimerudi usiku, sikumuona akila. Figo zake zimewahi kupimwa? Ninaishi naye nyumba moja miaka mitatu, na kila swali nilijibu sijui. Ilibidi nimpigie mdogo wangu apekue chumbani. Zilipita dakika 40 ndipo picha ya boksi ilipoingia kwenye simu: glibenklamidi.

Jina lile lilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani. Mama alishaamka, anaongea vizuri, nami nilishaanza kuomba ruhusa turudi nyumbani. Daktari alikataa, akanieleza kwa utulivu. Kuna dawa za sukari kama metiformini ambazo peke yake si kawaida kuiangusha sukari namna hii. Lakini kidonge alichomeza mama hulisukuma kongosho litoe insulini, inayoshusha sukari, kwa saa nyingi, na kwa mzee, hasa mwenye figo zilizochoka, hukawia zaidi kutoka mwilini. Kwa hiyo sukari iliyopandishwa na dripu inaweza kushuka tena ukiwa umeshafika nyumbani. Wakamweka chini ya uangalizi saa 24, wakimpima mara kwa mara. Mchana ilishuka tena, 3.2. Kama ningeondoka naye asubuhi ile, angekuwa peke yake chumbani saa ile.

Walipomruhusu walisimamisha kidonge kile na kumwandikia arudi kliniki abadilishiwe. Nami wiki ileile nilikaa chini nikatengeneza karatasi.

Ni ukurasa mmoja. Jina na mwaka wa kuzaliwa, magonjwa aliyonayo, kila dawa na kipimo chake na saa anayomeza, mzio wa penisilini, upasuaji aliowahi kufanyiwa, majibu ya mwisho ya figo, namba za sisi watoto. Chini kabisa niliacha nafasi tupu: “Alionekana mzima mara ya mwisho saa…” Mstari huo nausisitiza kuliko yote. Kwa kiharusi kinachotokana na damu kuganda ipo dawa ya kuyeyusha bonge, na kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Saa hizo huhesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Aliyelala mzima saa 4 usiku akakutwa hawezi kuongea saa 12 asubuhi huhesabiwa kuanzia saa 4 ya usiku. Wengi tunataja saa tuliyomkuta, na daktari anapanga tiba kwa saa isiyo ya kweli.

Jambo la pili nililofanya huenda likaonekana la ajabu: nilikwenda kuitembelea idara ile mchana, mimi mwenyewe, bila mgonjwa. Nilimuuliza mlinzi lango la usiku, gari linaposimama, viti vya magurudumu vinapokaa. Aliniambia pia kwamba anaruhusiwa msindikizaji mmoja tu kuingia ndani, na kwamba chumba cha eksirei kiko jengo la pili, si hapo hapo. Ilinichukua chini ya nusu saa. Nawasihi wenye wagonjwa nyumbani wafanye hivyo, kwa sababu usiku wa dharura si usiku wa kujifunza ramani.

Kisha mkoba: karatasi, dawa zenyewe zikiwa kwenye maboksi yake, daftari la kliniki, kadi ya bima, mashine ya kupimia sukari, chaja, shuka jepesi, ndala, maji yangu ya kunywa. Unaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake.

Miezi saba baadaye mama aliteleza bafuni, akajikinga kwa kiganja. Kifundo cha mkono kilipinda nikaona kwa macho. Kabla ya kutoka nilimvua pete kwa sabuni, kwa kuwa vidole vikishavimba haitoki ila kwa kukatwa. Nililaza mkono wake juu ya gazeti lililokunjwa, nikaufunga kwa mtandio ili usicheze. Sikumpa chakula wala kinywaji, kwani huenda mfupa ungerudishwa kwa dawa ya usingizi. Lakini mgonjwa wa kisukari kukaa na njaa ni hatari nyingine, kwa hiyo nilimpima sukari, ikawa 7.4, nikaiandika kwenye karatasi pamoja na saa aliyokula mara ya mwisho.

Safari hii lango tulilipata moja kwa moja. Nesi wa triaji aliisoma karatasi akiwa amesimama, akasema, “Mama, huyu mwanao amenipunguzia kazi.” Akampa rangi ya njano. Ubao wa ukutani unaeleza: nyekundu huonwa papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, kijani ndani ya saa 4. Sisi tulingoja saa 1 na dakika 50. Muda ule alipita mbele yangu mtoto mchanga aliyeletwa baada yetu, hanyonyi, amelegea, amepata degedege njiani. Nesi alimchukua mikononi mwa mama yake akaingia naye ndani. Mzee mmoja alilalamika kwamba sisi ndio tuliofika kwanza. Sikuweza kumuunga mkono. Mama alishawahi kupitishwa mbele ya watu namna ileile.

Kungoja pia kuna kazi yake. Kila nusu saa nilivishika vidole vya mama. Mara ya tatu nikaviona vya baridi, naye akasema vinakufa ganzi. Nilikwenda mezani nikamwambia nesi hivyo hivyo, bila kupaza sauti: vidole vimekuwa baridi na ganzi, mwanzoni havikuwa hivi. Alikuja saa ileile na tukaingizwa. Ukipewa rangi usidhani ni ya kudumu. Hali ikibadilika waambie, na waambie hasa kilichobadilika.

Daktari aliuliza mawili tu ambayo karatasi haikuwa nayo: aliteleza au alipata kizunguzungu kwanza, na je, alijigonga kichwa? Basi. Eksirei ikachukuliwa, mkono ukachomwa ganzi, mfupa ukarudishwa mahali pake na kufungwa plasta ngumu, ganzi ya vidole ikaisha. Saa 3 usiku tulikuwa nyumbani.

Yaliyoniudhi nayasema pia. Dawa ya maumivu mama aliipata baada ya mimi kuiomba, zaidi ya saa nzima tangu tufike. Mzee aliyevunjika mfupa hapaswi kusubiri daktari ndipo atulizwe. Ningependa lifanyike pale mezani, anapopimwa presha. Zamu ilibadilika tukiwa ndani, na mhudumu mpya alianza kuuliza upya kila kitu. Nilimpa karatasi, lakini niliwaona wengine wakihadithia mara ya tatu wakiwa wamechoka. Hakuna anayepita kuwaambia wanaongoja kwamba bado wanakumbukwa. Choo cha wasindikizaji hakikuwa na taa mara zote mbili. Na maelekezo ya kwenda nyumbani tulipewa kwa mdomo, haraka haraka. Niliomba yaandikwe, daktari akaandika: mkono uinuliwe juu ya moyo, vidole vichezeshwe, arudi mara moja vikiwa na rangi ya samawati, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi.

Kwa utabibu wenyewe nawapa nyota tano, kwa mawasiliano na wanaongoja nawapa mbili. Nitawarudia bila kusita, na jirani yangu nimeshamwonyesha lango la nyuma.

Plasta imetolewa baada ya wiki 6. Pete bado iko kwenye mfuko mdogo wa mkoba. Nilitaka kumrudishia, akasema niiache humo humo.