Pesa yako ya kwanza ya kuchapisha gemu ya mezani uiweke wapi: njia sita, nimezipanga kuanzia ninayoipendekeza zaidi

Huwa napata meseji za namna hii, kaka nimemaliza kuandika gemu yangu ya mezani, ile ya kuigiza wahusika, watu wanne watano wanakaa na dadu na mmoja anachezesha, kurasa kama 30 hivi, sasa nikachape wapi, na nikiuliza umetenga shilingi ngapi naambiwa pauni elfu moja, nataka nakala 500. Hapo ndo huwa nasema subiri kwanza, tafadhali, usilipe mtu yeyote leo.

Mie nipo Coventry huku Uingereza, nauza vijitabu vyangu mwenyewe, naandika mwenyewe, nabandika stempu mwenyewe, na kitu kimoja nilichojifunza ni kwamba watu wanalinganisha bei ya kuchapa tu. Wanauliza nakala moja itanigharimu ngapi. Swali lenyewe sio hilo. Swali ni mnunuzi akishakipata kijitabu mkononi, mimi nimebakiwa na ngapi, baada ya makato ya jukwaa, karatasi, bahasha na posta. Nimezipanga hizi njia kwa kipimo hicho, na soko lenyewe liko Marekani na Uingereza kwa sehemu kubwa, kwa hiyo hesabu nyingi hapa ni za dola na pauni.

Namba 1: PDF kwenye itch.io

Kama hujawahi kuuza chochote anza hapa, na hutoi hata senti kuanza. itch.io ni tovuti ya kuuzia gemu, ilianzishwa 2013 kwa ajili ya gemu za kompyuta lakini watu wa gemu za mezani waliihamia kwa wingi, na sababu kubwa ni kwamba wewe mwenyewe ndo unachagua wachukue asilimia ngapi. Ukiacha ilivyo wanachukua 10, unaweza kuweka hata sifuri. (Mie naacha 10, naona ni haki yao, wametubeba wengi.)

Sasa sikiliza hapa maana ndo penye pesa. Juu ya ile 10 kuna makato ya malipo yenyewe, kadi au PayPal, ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila muamala. Gemu ya dola 10: itch dola 1, malipo senti 59, unabaki na dola 8.41. Gemu ya dola 2: itch senti 20, malipo senti 36, unabaki na dola 1.44. Umeona? Kwenye ile ya dola 2 kampuni ya malipo imekula asilimia 18 ya bei yako, imekula kuliko hata jukwaa. Zile senti 30 hazipungui eti kwa sababu gemu yako ni ndogo. Kwa hiyo wanaoweka gemu ya kurasa 20 kwa dola 1 wakidhani wanavutia wateja, wanajiumiza, bora uiweke bure kabisa na uruhusu mtu alipe anachotaka, au uende dola 5 na zaidi.

Kitu kingine, itch ina utamaduni wa kufunga gemu nyingi pamoja na kuziuza kama furushi moja. Juni 2020 kulikuwa na furushi la kuchangia haki za watu weusi Marekani, mtu analipa kuanzia dola 5 anapata vitu zaidi ya 1,700, likakusanya zaidi ya dola milioni 8. Hiyo pesa ilikwenda kwa mashirika, sio kwa waandishi, na ni sawa kabisa, ila inakuonyesha kuna watu wengi wananunua mle. Ukialikwa kwenye furushi dogo la watu 10 wanaogawana mapato, ingia.

Kwa walioko nyumbani, Kenya mnaweza kutoa hela ya PayPal kwenda M-Pesa tangu 2018. Nchi nyingine hakikisha kwanza akaunti yako inaweza kupokea, sio kutuma tu, kabla hujatangaza kitu.

Namba 2: Kampeni ndogo ya Kickstarter, Februari

Nasema ndogo nikimaanisha ndogo. Mwaka 2019 Kickstarter, ile tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, walianzisha kitu kinaitwa ZineQuest, mwezi wa pili, kwa ajili ya vijitabu vya gemu tu, karatasi za kawaida, pini mbili katikati, na watu wakakizoea kiasi kwamba mwezi huo wanunuzi wanakuwa wanatafuta wenyewe. Uzuri wake ni kwamba unauza kabla hujachapa. Usipofikia lengo hupati kitu lakini hukatwi kitu pia, na hubaki na maboksi chini ya kitanda.

Makato: asilimia 5 yao, na malipo asilimia 3 na peni 20 kwa kila mchango. Mtu akichangia pauni 10 unakatwa peni 50 na peni 50, inabaki 9. Safi. Tatizo linakuja ukijumlisha posta mle mle ndani ya kampeni, tuseme unamwekea pauni 3 za posta, sasa wanakata kwenye 13, inakuwa pauni 1 na peni 24, yaani zile peni 24 umelipa komisheni ya stempu. Kwa nakala 200 hiyo ni pauni 48. Ndo maana wazoefu wengi wanachangisha posta baadaye, wakiwa tayari kutuma, na bei za posta nazo zinakuwa ni za siku hiyo, sio za mwaka jana.

Kenya na Tanzania hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungua kampeni, kwa hiyo kama uko huko njia hii inakutaka uwe na mshirika wa kweli mwenye makazi na benki kwenye nchi iliyomo. Sio mtu wa kukutana naye mtandaoni jana. Pesa yote inaingia kwenye akaunti yake.

Namba 3: Nakala 50 mpaka 100, unauza mkono kwa mkono

Hii ndo naipenda kwa moyo japo nimeiweka ya tatu, kwa sababu inataka hela mbele. Printa za kidijitali, yaani kampuni za kuchapa, Mixam kwa mfano, wanakupa bei pale pale kwenye tovuti, unabadilisha karatasi, idadi, kava, unaiona bei inapanda na kushuka. Cheza nayo jioni nzima kabla ya kulipa. Kurasa za kijitabu cha pini lazima zigawanyike kwa 4, kwa hiyo ukiwa na 33 unalipia 36, kata ukurasa mmoja urudi 32.

Nikuonyeshe kitu nilichokifanya kwenye meza ya jikoni na mizani ya unga. Kijitabu cha A5, kurasa 32, karatasi ya gramu 115 (kwa mita ya mraba, ndo zinavyopimwa), kava ya gramu 250, chenyewe kinakuja kama gramu 73. Bahasha na kadibodi ya kuzuia kisikunjike, gramu 30. Jumla 103. Sasa Royal Mail, posta ya huku, kiwango cha chini cha uzito cha barua kubwa kinaishia gramu 100. Gramu 3 tu! Nikarudi kwenye oda nikabadilisha karatasi ya ndani iwe gramu 100 badala ya 115, kijitabu kikashuka mpaka 65, na bahasha ni 95, nikaingia kiwango hicho cha chini kwa kila nakala nitakayotuma maisha yake yote. Na hakuna mnunuzi aliyewahi kulalamika karatasi ni nyepesi. Pima kabla hujachapa, katengeneze cha mfano kwa karatasi halisi, omba sampuli, wanatoa.

Halafu kodi. Uingereza kijitabu kina VAT ya sifuri, ila kadi na dadu ni asilimia 20. Kwa hiyo kijitabu peke yake kinakutoka rahisi, ukianza kuongeza pakiti ya kadi na kifuko cha dadu ili kionekane cha maana hesabu inabadilika kabisa. Ukiona printa amekuwekea VAT kwenye kijitabu muulize, mara nyingi umebonyeza tu aina nyingine ya bidhaa.

Pa kuuzia: maonyesho. UK Games Expo pale ukumbi wa NEC Birmingham ndo makubwa huku lakini meza yake ni ghali kwa mtu mwenye kijitabu kimoja, changieni watu watatu wanne. Siku za mwanzo nenda kwenye masoko madogo ya vijarida kwenye maktaba na vyuo. Mtu akishika kijitabu, akakifungua katikati akaona ramani, anatoa hela, nimeliona hilo mara nyingi mno. Hakuna posta, hakuna jukwaa, makato ni ya mashine ya kadi tu.

Namba 4: DriveThruRPG, kuchapa nakala moja moja

Hili ndo duka kubwa la wacheza gemu za mezani, na tangu 2022 liko pamoja na Roll20, tovuti ya kuchezea gemu hizi mtandaoni. PDF ukiwapa wao peke yao unapata asilimia 70, ukitaka kuuza na kwingine unapata 65. Mie nasema chukua 65. Ile 5 ya ziada inakufungia itch, na itch nimeshakwambia inabakiza ngapi.

Uzuri wao ni mtu akiagiza kitabu wanachapa nakala hiyo moja na kumtumia, wewe huna boksi wala posta. Ila hesabu yake: bei dola 15, tuseme kuchapa dola 5, inabaki 10, unapata asilimia yako kwenye hiyo 10, yaani 6.50. Sio mbaya kabisa, na kwa kitabu kinene cha kurasa 150 hii naipandisha iwe namba 2, kwa sababu kitabu hicho ukikichapa mwenyewe posta itakumaliza. Kwa kijitabu cha kurasa 30 haina maana sana.

Angalizo: DMs Guild iko chini ya paa hilo hilo, pale unaandika ukitumia ulimwengu wa gemu maarufu ya Dungeons & Dragons wenyewe, na unapata asilimia 50, na ulichokiweka pale huwezi kukihamishia kwingine. Kwa mtu anayetaka wasomaji haraka sawa. Lakini kama unachotaka ni kanuni tu, tangu 27 Januari 2023, baada ya ugomvi mkubwa kuhusu leseni ya gemu hiyo, kanuni za msingi za toleo lake la tano zimetolewa kwa leseni ya wazi ya Creative Commons, unazitumia popote bila kulipa, unawataja tu wenyewe. Sasa kwa nini utoe nusu?

Namba 5: Maduka na wasambazaji

Duka linataka kununua kwako kwa nusu ya bei ya kava. Msambazaji anataka kununua kwa asilimia 40 ya bei hiyo au hata chini. Kijitabu cha pauni 10 kilichokugharimu pauni 2 kuchapa: dukani unabaki na 3, kwa msambazaji unabaki na 2, kabla hujalipa usafiri wa boksi. Kama kuchapa kumezidi moja ya tano ya bei ya kava achana na msambazaji. Duka moja la mtaani kwako ambalo unalipelekea nakala 5 kwa miguu, hilo ni jambo jingine, nenda, na muombe mwenye duka uchezeshe jioni moja hapo.

Namba 6: Kuchapa kwa wingi, jalada gumu, ng'ambo

Usifanye. Kweli bei ya nakala inashuka sana ukifika elfu na kuendelea, hapo wanaokushauri hawadanganyi, lakini unalipa yote mbele, meli, forodha, ghala, na wateja hujawapata bado. Na kama wateja wako wengi wako Marekani kumbuka Agosti 2025 waliondoa ule msamaha wa ushuru wa vifurushi vya chini ya dola 800, kwa hiyo kila bahasha yako sasa ina makaratasi yake, hata kama vitabu vyenyewe kwenye ushuru vina nafuu. Ngoja mpaka kampeni yako ya pili au ya tatu ikwambie kuna watu 1,000.

Vitu vya kununua na vya kutonunua

ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, usinunue. Marekani namba moja ni dola 125 na itch wala DriveThruRPG hawaihitaji. Programu ya kupanga kurasa usikodi kwa mwezi, Scribus ni bure, na Affinity nayo ni bure tangu Oktoba 2025. Picha za zamani zipo bure kihalali, British Library waliachia picha zaidi ya milioni moja Desemba 2013, na jumba la makumbusho la Met la New York wakafuata 2017.

Lakini mchoraji wa kava mlipe. Mlipe vizuri na mlipe kabla wewe hujapata faida, sio kwa ahadi ya asilimia ya mauzo. Na mhariri pia, hata wa masaa manne tu, mtu ambaye hajawahi kucheza gemu yako aisome akwambie wapi amepotea. Ukinipa pauni 200 leo mie naigawa hivi: 100 ya kava, 50 ya mhariri, na 50 iliyobaki inakwenda kwenye nakala za kwanza chache, PDF tayari iko itch.

Na kabla ya hizo nakala, agiza moja peke yake. Mie kuna printa mmoja nilimpa faili nikaruka hatua hiyo kwa sababu nilikuwa na haraka ya maonyesho, nakala 80 zikaja na jedwali la dadu ukurasa wa 14 limekatwa pembeni, matokeo ya 5 na 6 hayasomeki, kumbe sikuacha milimita 3 za kukatia. Nilikaa usiku mzima nikiandika kwa kalamu, nakala moja moja, zote 80.