Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita kinazijua, safari hakiijui

Nyota tatu kati ya tano. Nazungumzia kikokotoo cha kwenye simu cha kupima umbali kati ya viwanja vya ndege (si kile cha mafao ya wastaafu, msianze kugombana). Mimi nauza vipuri vya simu Makoroboi, hapa Mwanza, na mzigo wangu naufuata Guangzhou, China. Mdogo wangu anayeuza vitenge Kirumba ndiye aliyenionyesha. "Dada, ona, Mwanza mpaka Guangzhou masaa 11 na robo tu!"

Kwa kilomita, sina ugomvi nacho. Kimetoa 9,130 hivi, na mstari wake unapita Kenya, Somalia, Bahari ya Arabu, India, halafu Myanmar. Kwenye ramani bapa mstari umepinda ukadhani kuna kasoro, kumbe dunia ni duara na hiyo ndiyo njia fupi.

Shida ni hayo masaa. Kinagawa kilomita kwa mwendo wa 850 kwa saa, kinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Nani karuka Ilemela, uliko uwanja wetu wa Mwanza, moja kwa moja hadi China? Hiyo ndege haipo. Sisi kwanza tunashuka Dar, kama kilomita 850, saa moja na nusu hivi angani. Kutoka Dar Air Tanzania ina Dreamliner ya moja kwa moja, kilomita 8,700 na ushee, masaa kumi au zaidi kidogo. Kwa umbali umepoteza kilomita 430 tu, si kitu. Kinachokula muda ni Dar yenyewe: kusubiri begi, kuhamia Jengo la Tatu la ndege za kimataifa, foleni ya uhamiaji. Na ndege ya Mwanza ikichelewa, hakuna atakayekungojea, kwa hiyo mwenye akili analala Dar usiku mmoja. Hapo masaa 11 yameshakuwa siku nzima na zaidi.

Ukipitia Dubai ndiyo kabisa. Umbali hauongezeki sana, lakini ukipangiwa kusubiri usiku kucha pale, miguu itavimba.

Saa za huko nazo hakizitaji. China wametutangulia kwa masaa matano. Ukiruka Dar saa 5 asubuhi ukakaa angani masaa kumi, kwetu ni saa 3 usiku, kwao ni saa 8 usiku. Mweleze mapema mwenye hoteli, la sivyo utagonga mlango watu wamelala. Kurudi nako huwa kunachukua muda zaidi, hasa miezi ya baridi ya kule, maana upepo wa juu unavuma kutoka magharibi na ndege inakuwa inaukabili. Kikokotoo kinaandika masaa yaleyale kwenda na kurudi.

Wateja wangu wa Sengerema, ng'ambo ya ziwa, nao wakipima hawaoni popote njia ya kufika uwanjani. Siku hizi angalau kuna daraja la Kigongo–Busisi, zamani ungeanza kwa kuhesabu foleni ya kivuko.

Nyota tatu nimezitoa kwa sababu ni bure, hakili bando, na ukikipimisha kipande kwa kipande, Mwanza–Dar kisha Dar–Guangzhou, majibu yake yanakaribia ukweli. Matangazo ya hoteli ndiyo yanakera, yanaziba kitufe cha kutafuta.